Pazia Ambalo Halijafunguliwa: Kwa Nini Tunayapenda Mauaji ya Vijijini Uingereza

Asanteni. Nawaomba walio nyuma wasogee, viti vya mbele viko wazi.

Walionisikia mwaka jana wanajua ninakokwenda, na nitakwenda huko huko tena kwa sababu naona bado sijaeleweka. Kila nikizungumzia tamthilia hizi za Waingereza, za mauaji kijijini, yaani Midsomer Murders, Bi Marple, Father Brown na wenzao, lazima mtu anifuate mwishoni aniambie: "Mwalimu, watu wanapenda mandhari." Nyumba zilizoezekwa nyasi, waridi zinazopanda ukutani, kanisa la mawe. Mandhari! Kama ni mandhari, Waingereza wana vipindi vya bustani vinavyoonyesha waridi saa nzima bila maiti. Mbona hatuvikeshei hivyo?

Mwingine husema ni fumbo, tunapenda kubahatisha muuaji ni nani. Huyo nina ushahidi wa kumjibu, naomba mniache niutoe wote.

Nilifanya kazi miaka kadhaa katika nyumba ya kulelea wazee huko Oxfordshire. Kuogesha, kuvisha, kulisha, kumgeuza mtu kitandani usiku asipate vidonda. Wengi wenu mna dada au mpwa anayefanya kazi hiyo sasa hivi, sina haja ya kueleza. Baada ya chakula cha mchana televisheni ya sebuleni ilikaa kwenye chaneli ya ITV3, na ITV3 mchana ni marudio: Midsomer ya zamani, Marple ya zamani, na kachero mwingine, Poirot. Kulikuwa na bibi mmoja, amepita miaka tisini, kiti chake kando ya dirisha. Alikuwa ameziona zote, tena si mara moja. Ukianza tu ule wimbo wa Midsomer, wenye mlio kama wa mtu anayeimba amefumba mdomo, alikuwa ananiambia nani atakufa, nani kamuua na kwa kitu gani. Kisha anatazama mpaka mwisho, saa mbili nzima pamoja na matangazo.

Siku moja nikamuuliza: kama mwisho unaujua, unatazama nini? Akaninyooshea skrini. Maiti ilikuwa sakafuni jikoni, na mwanamke wa usafi ndiyo kwanza anaingia kwa ufunguo wake, anaangusha ndoo, anapiga kelele. Yule bibi akaniambia, "Tazama. Ni asubuhi tu, na tayari wamempata."

Sikumwelewa. Nilikuja kuelewa baadaye, niliposimuliwa jinsi alivyofika pale. Alianguka jikoni kwake akavunjika nyonga, akalala juu ya vigae siku mbili, usiku mbili. Nyumba ya kulia ilikuwa imenunuliwa na watu wa mjini wanaokuja mwisho wa wiki. Ya kushoto alikaa kijana mwenye spika za masikioni, anatoka alfajiri na kurudi usiku. Aliyemkuta ni mtu wa kusoma mita ya gesi, tena kwa bahati tu, maana alichungulia dirishani kabla ya kuacha kikaratasi na kuondoka. Na huyu bibi alizaliwa kijijini hapo hapo, si mji mwingine! Akanieleza utotoni mwake ilivyokuwa: pazia lisipofunguliwa kufikia saa tatu asubuhi, mtu anagonga. Muuza maziwa akikuta chupa ya jana bado iko mlangoni, haendi nyumba inayofuata mpaka ajue kuna nini.

Basi hilo ndilo neno langu, na nitalirudia hadi mnichoke. Katika tamthilia hizi hakuna mtu anayekufa bila kuonekana. Nendeni mkahesabu ni nani anayeikuta maiti: msaidizi wa nyumbani, mtu anayetembeza mbwa, kasisi aliyekuja kufungua kanisa, jirani aliyekuja kurudisha bakuli. Kila mmoja alikuwa na sababu ya kufika mlangoni. Marehemu alikuwa anatarajiwa mahali, na alipokosekana pengo lake likaonekana. Mtazamaji anayeishi peke yake ghorofa ya tatu, London au Birmingham, anatazama kijiji ambacho mtu hawezi kupotea hata nusu siku.

Najua mnachotaka kusema. "Lakini vijiji hivyo vinaua watu kila wiki! Raha iko wapi?" Ndugu zangu, hakuna anayetazama Midsomer akaogopa kuuawa. England na Wales kwa pamoja, zenye watu karibu milioni 60, mauaji ya mwaka mzima hayafiki 800. Kwenye Midsomer mtu amewahi kuuawa kwa gurudumu zima la jibini. Nani analala na hofu hiyo? Yule bibi hakuogopa sumu wala kisu. Aliogopa vigae vya jikoni.

Mshairi W. H. Auden aliandika juu ya jambo hili mwaka 1948. Alikiri kwamba hadithi za upelelezi kwake zilikuwa ulevi, kama tumbaku na pombe, na kwamba ilimwia vigumu kusoma ile isiyotokea mashambani Uingereza. Maelezo yake ni kwamba mahali pakiwa pema kama bustani ya Edeni, damu ikimwagika pale huchukiza maradufu, na mpelelezi akishamtoa mwenye hatia, wote waliobaki hurudishiwa usafi wao. Ni hoja nzuri, mimi mwenyewe naifundisha. Lakini Auden huyo huyo alisema kwamba hadithi akishaimaliza huisahau na hana hamu ya kuisoma tena. Hapo ndipo tunapoachana. Anayerudia hadithi ile ile mara ya saba anafuata kitu kisichoisha jibu likishajulikana. Auden angekaa nasi sebuleni pale mchana mmoja tu, angeandika insha nyingine.

Sasa, anayeona ni nani? Hapa ndipo nampenda Bi Marple kuliko makachero wote, na wanaodhani ni kikongwe wa kuchekesha hawajamtazama. Mwandishi Agatha Christie alimleta kwenye riwaya mwaka 1930: mwanamke mzee, hajaolewa, hana cheo, hana mshahara wa polisi. Ana bustani mbele ya nyumba ili aone wapitao, na darubini ya kutazamia ndege ambayo haitazami ndege peke yake. BBC walipoanza kumwonyesha Desemba 1984 walimpa nafasi hiyo Joan Hickson, aliyekuwa na miaka 78, na yule mama hakuigiza ujanja hata kidogo. Anakaa pembeni anafuma sweta, macho hayatulii, na watu wanaongea mbele yake kana kwamba hayupo. Kisha anasema kwa upole kwamba bwana huyu anamkumbusha kijana fulani wa kijijini kwake. Na huyo kijana alikuwa mwizi.

Sisi tuna neno la kumtukania mwanamke wa namna hiyo. Tunamwita mmbea. Tunamwambia amekosa kazi, ashughulike na ya kwake. Nasema tumekosea, na tumekosea vibaya. Mmbea anayebeba maneno ili avunje nyumba ya watu yupo, na Christie anaye pia, wengi tu. Lakini yule anayejua kwamba jirani amebadilisha saa ya kwenda dukani, kwamba mtoto wa fulani hajaonekana shuleni wiki nzima, kwamba mgonjwa hajawasha taa, huyo ana elimu. Ni elimu ya miaka hamsini ya kutazama watu bila kuwachoka. Tamthilia hizi zinampa heshima yake hadharani: inspekta kutoka mjini anaingia na daftari, anazunguka dakika sitini, mwishoni anakwenda kupiga hodi kwa bibi anywe chai na aulize.

Na elimu hiyo ina deni. Mwaka 1964 Christie alimpeleka Bi Marple mapumzikoni Karibiani. Huko yupo Meja Palgrave, mzee anayesimulia hadithi zake za Kenya kila siku, na watu wamemchoka. Bi Marple naye, mnajua anafanya nini? Anafuma, anaitikia "eeh," "kumbe," akili iko kwingine. Meja anataja muuaji, anakaribia kutoa picha mfukoni, mara anaona kitu, anairudisha. Kesho yake amekufa. Bi Marple anabaki anajilaumu kwamba hakusikiliza sawasawa. Kwangu hilo lina uzito kuliko fumbo zima. Mara moja tu hakumsikiliza mzee anayechosha, na yule mzee akafa na alichokuwa nacho. Ukifanya kazi ya wazee utaelewa kwa nini naitaja hadithi hii kila mwaka.

Nimeangalia saa. Nilitaka kukaa sana kwenye A Murder is Announced, riwaya ya 1950, BBC waliionyesha 1985. Nitasema machache. Vita vimekwisha, chakula bado ni cha mgawo, na Bi Marple anamweleza inspekta kwamba zamani kila aliyehamia kijijini alikuja na barua ya utambulisho, watu wakajua ni mtoto wa nani. Sasa vijiji vimejaa wageni ambao unajua juu yao yale tu waliyokuambia wenyewe. Wameshakaa miaka miwili mitatu, wanaalikana chai, na hakuna anayeweza kuthibitisha jina la mwenzake. Miaka ya thelathini Christie alikuwa anaandika kijiji kinachojuana. Katika hii ya 1950 anaandika kijiji kinachojifanya kinajuana. Ndiyo maana nakataa kuambiwa kwamba hadithi hizi ni kumbukumbu tamu tu za zamani. Mwandishi mwenyewe alishaona pazia linaanza kuachwa bila mtu wa kulitazama.

Katika hadithi hiyo anayekufa kwanza ni Mswisi wa mapokezi ya hoteli, mgeni, mwizi mdogo mdogo, hakuna anayemlilia. Wengi wako tayari kusema amejiua mwenyewe, mambo yaishe. Bi Marple anakataa. Anataka kujua nani alimtuma, kwa sababu naye ni mtu aliyekufa. Na jikoni yupo Mitzi, mkimbizi kutoka Ulaya ya Kati, anapika, kila mtu anamwona mwongo na mwenye kelele. Mitzi huyo ndiye anayehatarisha maisha yake mwishoni ili muuaji anaswe. Nilipoitazama mara ya kwanza nilikuwa bado na sare ya kazi mwilini, na nilimtazama mpishi huyo peke yake.

Maana hili nalo lazima lisemwe. Mwaka 2011 mtayarishaji wa Midsomer Murders, Brian True-May, aliliambia jarida la Radio Times kwamba tamthilia yake ni ngome ya mwisho ya Uingereza halisi, na kwamba isingefaa ikiwekwa watu wa asili nyingine. Alisimamishwa, kisha akaachia nafasi. Nilikuwa kazini mwaka ule. Pale sebuleni tuliokuwa tunawafunika wazee blanketi magotini, wao wakitazama hicho kijiji chake, tulikuwa Watanzania, Wafilipino na Wazimbabwe. Asubuhi tulioona kwamba pazia halijafunguliwa tulikuwa sisi! Hiyo ndiyo Uingereza halisi ninayoijua. Miaka mitano baadaye Midsomer walimleta daktari wa maiti Kam Karimore, aliyeigizwa na Manjinder Virk, na kijiji hakikuanguka.

Dakika zimekwisha, mwenyekiti ananitazama. Father Brown nilitaka kumgusa, yule padri wa mwandishi Chesterton ambaye BBC wamemrusha tangu 2013 na kumweka kwenye vijiji vya Cotswolds, kwa sababu yeye humtafuta muuaji ili atubu, na hilo ni jambo jingine kabisa. Nilitaka pia kuwakumbusha kwamba muuaji wa Christie wa miaka ya thelathini alikuwa anakwenda kwenye kitanzi, na runinga inatukatia picha kwenye chai tusikione. Uingereza ilinyonga watu kwa mara ya mwisho Agosti 1964. Na anayesema haya ni mambo ya Wazungu peke yao, akasome tena Bwana Msa, kachero wa riwaya za Muhammed Said Abdulla, na kiko chake, kisha tuzungumze nje.

Swali moja nimeletewa kwenye karatasi: mtu aanze na ipi? Anza na hiyo niliyoitaja, toleo la Joan Hickson, na ukiweza soma riwaya kwanza. Gazeti la kijiji limetangaza kwamba mauaji yatafanyika Ijumaa, saa kumi na mbili na nusu jioni, nyumbani kwa fulani. Majirani wanafika mmoja mmoja, kila mmoja anajifanya alikuwa anapita tu. Wewe usihangaike na muuaji. Hesabu ni wangapi wanaoingia mlangoni na, kabla hata hawajakaa, wanamwambia mwenye nyumba: naona leo umewasha joto.