Kabla ya Kununua Akili Unde, Tuipange Upya Kazi

Waheshimiwa wakuu wa mashirika, wajumbe wa bodi, mabibi na mabwana, nawashukuru kwa kunipa nafasi hii. Nimeombwa nizungumzie namna kiongozi anavyoweza kuivusha taasisi yake katika kipindi hiki cha akili unde, au akili mnemba kama wengine wanavyoiita, yaani AI kwa Kiingereza. Nitaanza mbali kidogo, na umeme, kwa sababu sijaona kisa kinachotufaa zaidi ya hicho.

Mwaka 1882 Thomas Edison alifungua kituo cha kuzalisha umeme katika mtaa wa Pearl jijini New York. Mtu angetarajia viwanda vibadilike katika miaka michache, lakini haikuwa hivyo. Kufikia mwaka 1900 mota za umeme zilikuwa zikitoa takriban asilimia 5 tu ya nguvu iliyoendesha mashine za viwanda vya Marekani, na wengi wa waliozinunua hawakuona faida kubwa. Mwanahistoria wa uchumi Paul David, aliyeandika kuhusu jambo hili mwaka 1990, alieleza sababu. Kiwanda cha enzi ya mvuke kilijengwa kuizunguka injini moja kubwa, iliyozungusha shafti, yaani mhimili mrefu wa chuma, iliyopita darini, na kila mashine ilifungwa mkanda kwenye shafti hiyo. Kwa hiyo mashine ziliwekwa pale mkanda ulipofika, si pale kazi ilipozihitaji. Wenye viwanda waliing'oa injini ya mvuke, wakaweka mota moja kubwa mahali pake, lakini shafti, mikanda na majengo ya ghorofa yaliyobanana wakaviacha vilevile. Mavuno ya kweli yalikuja katika miaka ya 1920, baada ya mashine kupewa mota zake ndogo na majengo kuchorwa upya ili yafuate mwendo wa kazi.

Shafti hiyo ninaiona hata leo katika ofisi nyingi. Tangu ChatGPT, programu ya akili unde inayoandika na kujibu maswali, ilipotolewa kwa umma Novemba 2022, viongozi wamekuwa na haraka ya kulipia leseni, na wachache sana wameketi na watu wao kuuliza ripoti fulani huandikwa kwa ajili ya nani. Ikiwa ombi la mteja hupita kwenye meza sita kabla ya kujibiwa, programu inayomwezesha mtu wa meza ya tatu kuandika barua kwa dakika mbili badala ya ishirini haitampunguzia mteja siku hata moja ya kusubiri, kwa kuwa barua hiyo itakwenda kulala kwenye meza ya nne. Mwenye mamlaka ya kuiondoa meza ni kiongozi. Jambo hili haliwezi kuachiwa idara ya teknolojia, hata iwe na wataalamu hodari namna gani, maana mkuu wa idara hiyo hana uwezo wa kumwambia mkuu wa fedha kwamba saini yake ya pili haihitajiki tena.

Kiongozi anapaswa pia kujua mpaka wa chombo chenyewe. Mwaka 2023 watafiti waliwapima washauri 758 wa Boston Consulting Group, kampuni ya ushauri wa biashara. Katika kazi zilizo ndani ya uwezo wa akili unde, waliopewa chombo hicho walimaliza upesi zaidi kwa takriban asilimia 25, na ubora wa kazi yao ukapanda. Katika kazi iliyochaguliwa makusudi nje ya uwezo huo, waliokuwa nacho walipata jibu sahihi mara chache kuliko wasiokuwa nacho, kwa tofauti ya pointi 19 za asilimia. Linalonisumbua ni kwamba mpaka huo hauonekani kwa macho: kazi mbili zaweza kulingana kwa ugumu machoni petu, moja ikawa ndani na nyingine nje. Ramani yake hainunuliwi. Huchorwa na wafanyakazi wenyewe, kazi baada ya kazi, na hurudiwa kila toleo jipya linapokuja. Ndiyo maana nawasihi wakuu wenzangu mkitumie chombo hiki kwa mikono yenu, tena katika jambo mnalolijua vizuri, ili mkione kinapokosea kwa ujasiri.

Makosa yatatokea, na lazima yawe na mwenyewe. Februari 2024 baraza la usuluhishi la British Columbia nchini Kanada liliamua kesi ya abiria aliyepewa maelezo yasiyo sahihi na programu ya mazungumzo kwenye tovuti ya Air Canada. Baraza lilikataa wazo kwamba programu ile ijibebee lawama yenyewe, na shirika likaamriwa kulipa fidia. Basi kila matumizi yawe na mtu anayejulikana kwa jina, mwenye muda wa kukagua na mamlaka ya kukataa. Mtu anayeidhinisha mamia ya nyaraka kwa siku hakagui chochote, hata kama cheo chake kinasema anakagua.

Nimeliacha la watu mwisho kwa kuwa ndilo zito kwangu. Utafiti wa Erik Brynjolfsson, Danielle Li na Lindsey Raymond, uliotolewa mwaka 2023, ulifuatilia wahudumu wa wateja zaidi ya 5,000. Kwa wastani tija ilipanda kwa asilimia 14. Kwa wageni wa kazi ilipanda kwa asilimia 34, na kwa wazoefu karibu haikubadilika. Programu ilikuwa imejifunza kutokana na mazungumzo ya wahudumu bora, ikawapa wageni maarifa ya wazoefu. Hapo pana swali la haki: aliyefunza mashine bila kuombwa atalipwa nini? Mimi naona alipwe, na aambiwe waziwazi kazi yake imetumikaje.

Pana na swali la urithi wa ujuzi. Mashine ikichukua kazi zote za anayeanza, miaka kumi ijayo mkaguzi mzoefu tutampata wapi? Nilichokiona kikifaa ni hiki: anayeanza aandike rasimu yake kwanza bila msaada, kisha ailinganishe na ya mashine, na mzoefu aketi naye wazipitie zote mbili, akilipwa kwa saa hizo kama kwa kazi yake nyingine yoyote.