Oslo Inaganda Januari, na Jua Liko Karibu Zaidi

Wana Dar, mambo vipi! Niko likizo nyumbani, Magomeni, leo tarehe 10 Oktoba, na jua linanichoma utosini. Utosini kweli. Tazama hii chupa ya maji niliyoisimamisha hapa uani: saa sita na dakika kumi mchana, kivuli hakuna. Kimeishia chini ya kitako cha chupa. Dar hili hutokea mara mbili kwa mwaka, mwanzoni mwa Machi na siku kama hizi.

Sasa kuna mjomba wangu, yeye ana hakika kwamba Oslo, kule Norway ninakoishi, tunaganda Januari kwa sababu dunia imekwenda mbali na jua. Shikamoo mjomba, lakini ni kinyume. Njia ya dunia kulizunguka jua si duara kamili. Mwanzoni mwa Januari ndipo tunalikaribia zaidi, kama kilomita milioni 147. Julai ndipo tunakuwa mbali, milioni 152. Ingekuwa umbali ndio unaamua, watu wa Oslo wangeogelea Januari na kuvaa makoti Julai.

Kinachoamua ni kuinama. Dunia imeinama nyuzi 23.4, na upande inakoinamia haubadiliki mwaka mzima. Kwa hiyo Juni kaskazini ndiyo inayolielekea jua, Desemba ni zamu ya kusini, yaani sisi. Washa tochi ya simu, imulike sakafu wima: mwanga unakusanyika, mkali. Ilaze simu: mwanga uleule unatandaa, unafifia. Ndilo jua la Oslo la Desemba hilo. Adhuhuri liko nyuzi 7 tu hivi juu ya upeo wa macho. Linachomoza saa tatu na robo asubuhi, saa tisa na robo limeshazama. Unakwenda kazini gizani, unarudi gizani.

Juni mambo yanageuka. Jua linazama karibu saa tano kasorobo usiku, na kabla ya saa kumi alfajiri limesharudi. Waliofunga Ramadhani ya 2016 wanajua, maana iliangukia Juni. Nyie Dar mlifuturu saa kumi na mbili na robo kama kawaida. Oslo, anayefuata jua la pale alisubiri mpaka saa nne na nusu usiku. Wapo wanaofuata saa za Makka. Huo mjadala nawaachia masheikh.

Lakini hata Juni hiyo, jua la Oslo halifiki la kwetu. Lao likipanda mwisho kabisa ni nyuzi 53 na kidogo. Letu likishuka mwisho kabisa, adhuhuri ya Juni, ni karibu nyuzi 60! Tuko karibu na ikweta, ndiyo maana mchana wetu wa Desemba unauzidi wa Juni kwa dakika 50 hivi tu, na kipupwe chetu ni cha kuvaa sweta asubuhi tu, tena upepo wa kusi umesaidia.

Na wewe unayejenga Kigamboni: kuanzia Machi mpaka sasa, jua la adhuhuri lilikuwa upande wa kaskazini. Kuanzia kesho linahamia kusini, miezi mitano hivi. Fundi akisema paneli za sola zielekee kaskazini, msikilize. Ila asiziinamishe sana, Desemba nayo inakuja.