Povu Kwanza, Faiba Baadaye

Asanteni, kaeni. Wa nyuma sogeeni, leo kuna vitu vya kushika kwa mkono.

Nimeombwa nizungumzie faiba, kile kitambaa cha nyuzi za kioo, ya ndege za kujitengenezea nyumbani. Nitazungumzia povu gumu, hili la bluu, ambalo faiba inatandikwa juu yake. Wanaonifahamu wameshanisikia, na nitalirudia mpaka vijana waache kunijia na swali lile lile: "Mwalimu, nitandike matabaka mangapi?" Swali si baya, ila limekuja wiki mbili kabla ya wakati wake. Kitambaa cha faiba hakina umbo. Ukikitandika juu ya bonde, kinakuwa bonde. Ukikitandika juu ya kinundu, unakuwa na kinundu kigumu kuliko mwanzo. Umbo unalitoa wewe, kwa waya na msasa, kabla hujafungua kopo la rezini, ile gundi ya maji inayokigandisha kitambaa.

Tazameni vifuniko hivi viwili vya gurudumu. Karakana moja, kitambaa kimoja, matabaka sawa, ndege moja. Aliyetengeneza hiki cha kushoto alikaa na povu siku tatu. Wa kulia alimaliza povu jioni moja, akasema mabonde atayaziba kwa puti, ule uji mzito wa kuzibia unaokauka ukawa mgumu. Binti wa mbele, njoo. Shika kimoja huku, kingine huku. Kipi kizito? Cha kulia. Kimezidi kiasi gani? Karibu mara mbili, anasema. Ahsante, kaa.

Huo uzito wa ziada ni puti. Hesabuni pamoja nami: puti ya unene wa milimita 1 juu ya mita 1 ya mraba ni lita nzima. Lita ya puti ya magari inapita kilo. Sasa pigeni hesabu ya mabawa mawili, juu na chini. Long-EZ, ndege ya kujitengenezea iliyobuniwa na Mmarekani Burt Rutan, iliyoruka mara ya kwanza mwaka 1979 kule Mojave, California, inabeba watu wawili, na ikiwa tupu haina zaidi ya kilo 320 na kitu. Kwa ndege kama hiyo, kilo 10 za puti ni mafuta uliyoyaacha chini. Na ukiipaka puti kwenye kipande cha usukani, kile kinachopinda kuielekeza ndege, nyuma ya bawaba zake, hapo hatuzungumzii mafuta tena. Kipande kikilemea nyuma kinaweza kuanza kupapatika angani, kwa nguvu ya kutosha kuking'oa. Kwa hiyo fundi akiniambia "itazibwa na puti", namnyang'anya mwiko.

Najua kuna anayesema moyoni kwamba mafundi wa magari wanapaka puti kila siku na magari yanatembea. Yanatembea, ndiyo. Gari likizidi kilo 10 litapanda mlima polepole. Usilete hesabu ya gari hapa.

Haya, waya. Alichofanya Rutan kwenye VariEze, ndege yake iliyotangulia Long-EZ, mwaka 1975 ni kuliacha povu humo humo ndani ya bawa, faiba ikatandikwa juu yake, bila kalibu kubwa za kiwandani. Ndiyo maana watu wa kawaida waliweza kujenga kwenye gereji zao. Povu linakatwa kwa waya wenye moto, uliokazwa kwenye upinde. Kila mwisho wa kipande cha povu unapigiliwa kigezo cha plaiwudi chenye umbo la bawa, na pembeni mwa kigezo zimeandikwa namba. Watu wawili wanashika upinde, mmoja anahesabu kwa sauti: kumi, kumi na moja, kumi na mbili. Kigezo cha shina la bawa ni kikubwa kuliko cha ncha, kwa hiyo mmoja anakwenda haraka kuliko mwenzake, lakini lazima wafike kila namba kwa pamoja. Ukimsikia mwenzako ametaja ishirini na wewe uko kumi na nane, sema. Usikimbilie kimya kimya.

Na waya ukiuvuta kwa nguvu, ncha za waya zinatangulia, katikati inabaki nyuma. Sehemu tambarare huoni kasoro. Ukifika kwenye pua ya bawa, kona inapokaza, ncha zimeshageuka na katikati bado inakuja. Inakata njia ya mkato, na pua inaliwa katikati. Pale punguzeni mwendo hadi karibu msimame, waya ujinyooshe. Mtaniambia sasa kuna mashine za kompyuta. Zipo, na ni nzuri. Zinavuta waya uleule. Ukiipa mashine mwendo wa pupa, itakula pua kwa usahihi mkubwa.

Sasa gundi, ambayo imeharibu kazi nyingi kuliko waya. Mnaunganisha mapande ya povu kupata kipande kikubwa, tuseme cha boneti ya injini. Epoksi, rezini tunayogundishia, ikikauka ni ngumu, povu ni laini. Ukipitisha msasa hapo, unakula povu pande zote mbili na mstari wa gundi unabaki umesimama kama uti wa mgongo wa ng'ombe aliyekonda. Unausugua huo mstari, unazidi kuchimba pembeni. Wengi hukasirika hapo wakakimbilia puti. Dawa yake ni kupanga kabla: gundi ibaki ndani, sentimita 3 kutoka mahali uso wa mwisho utakapokuwa. Na msasa ugandishwe kwenye ubao mrefu ulionyooka, mrefu kama mkono wangu huu. Msasa wa kushika kwa vidole unafuata bonde na kulizidisha.

Muda unanitupa mkono. Kupaka nta na kutoa kalibu ya vipande viwili tutaacha, inahitaji siku yake.

Mawili siondoki bila kuyasema. Kwanza, wale mliofanya kazi kwenye boti za faiba: rezini mliyoizoea ni ya poliesta, na inayeyusha hili povu la polistairini. Nimeona kifuniko kizima kikizama ndani yake kama mkate uliomwagiwa chai. Tumieni epoksi. Pili, lile povu la rangi ya maziwa, la poliyurethani, lichongwe kwa kisu na msasa, barakoa usoni. Waya wa moto usiliguse kamwe. Likiungua linatoa sianidi. Mtu akikuambia amelikata mara moja na hakudhurika, mwache na bahati yake, wewe chukua kisu.

Sasa hiki kipande cha povu hapa mezani kimepigwa msasa jana na kijana wenu mmoja, na kwa macho kimenyooka. Kwa kiganja pia, nimempa kila mtu wa mstari wa kwanza akipapase na wote wamesema sawa. Nitalaza tochi hapa ubavuni, mwanga upite juu yake kama jua la alasiri juu ya matuta. Hesabuni vivuli, kisha mniambie ni mahali pangapi pa kurudia. Zimeni taa.