Kabla ya Kuondoka, Jua Kuzima: Mhadhara Kuhusu Injini na Wenzo wa Mafuta wa Pikipiki ya Theluji

Ndugu zangu, asanteni kwa kusogea karibu. Ufunguo wa pikipiki hii ya theluji mnayoiona mbele yenu, yenye skii mbele na mkanda wa mpira chini badala ya magurudumu, uko mfukoni mwangu, na utabaki humo mpaka kila mmoja wenu awe ameizima kwa mkono wake angalau mara mbili. Wengi wamefundishwa kuondoka kwanza. Mimi nafundisha kuzima kwanza, na nitawaeleza sababu.

Nyoosheni mkono wa kulia. Kunjeni vidole vinne kama mtu aliyeshika mpini wa jembe, dole gumba mliache huru. Dole hilo ndilo linalobonyeza wenzo wa mafuta, na nyuma ya wenzo kuna mashine yenye kilo 200 na zaidi. Joseph-Armand Bombardier alipoanza kuuza pikipiki yake ya theluji, Ski-Doo, kule Valcourt, Quebec, nchini Kanada, mwaka 1959, injini yake ilikuwa na nguvu za farasi 7. Leo ziko mashine za dukani zinazozidi nguvu za farasi 150. Dole gumba la binadamu halijaongezewa kitu.

Aliyezoea pikipiki ya barabarani atashangaa kwamba hapa mafuta hayasokotwi. Fikirieni mwili ukirushwa nyuma na tuta la theluji. Aliyeshika mpini wa kusokota huuvuta bila kukusudia, na mafuta yanazidi. Wenzo wa kubonyeza ukiuachia, springi inaurudisha. Lakini hata huu una mtego wake: mtu akishtuka hukaza kiganja chote, dole gumba likiwemo. Kwa hiyo vidole vinne vishike, dole gumba lifanye kazi yake peke yake. Kwenye matuta nyanyuka kidogo kitini, magoti yakunje, ili mtikisiko uishie miguuni usifike mkononi.

Sasa nirudi kwenye springi, maana hapo ndipo roho ya mazungumzo haya ilipo. Usalama wote wa wenzo huu umo katika kurudi. Na adui wa kurudi ni barafu.

Petroli inapogeuka mvuke ndani ya kabureta, kifaa kinachochanganya petroli na hewa, hunyonya joto, na pale ndani panakuwa na baridi kuliko nje. Hewa ikiwa na unyevu, barafu inaweza kushika kipande kinachopanda na kushuka ili kupitisha hewa, kikagoma kushuka. Hili hutokea hata siku isiyo ya baridi kali, nyuzi zikiwa karibu na sifuri. Njia ya pili ya barafu ni waya unaounganisha wenzo na kabureta: maji yakiingia ndani ya ala yake na kuganda, waya unakwama.

Hilo la pili limenipata mimi. Ilikuwa mashine ya kabureta, nimeisimamisha kwa mapumziko mafupi, upepo unapeperusha theluji laini juu ya injini iliyokuwa bado moto. Theluji ikayeyuka, ikapenya, ikaganda. Nilirudi nikavuta kamba ya kuwashia bila kubonyeza wenzo hata mara moja. Nikaondoka. Nilipoachia mafuta, mashine iliendelea. Nikakamata breki kwa nguvu zangu zote, na injini ikawa inasukuma dhidi ya breki. Mbele kulikuwa na miti. Swichi ya kuzimia injini ilikuwa sentimita chache kutoka dole gumba langu la kulia, na niliikumbuka mwisho. Ilipaswa kuwa ya kwanza. Tangu siku ile siwashi mashine, yangu au ya mtu mwingine, bila kubonyeza wenzo mara tatu nne injini ikiwa imezimwa na kuusikia ukirudi wenyewe, kwa mlio mkavu, mpaka mwisho. Ukirudi kwa uvivu, hatuwashi. Hapo sina mjadala na mtu.

Kuna na kamba ya usalama, hii fupi. Ncha moja inachomekwa kwenye mashine, nyingine unaifunga kwenye nguo yako. Ukianguka inachomoka na moto wa plagi unakatika. Huwa nasikia watu wakisema haina haja, kwa kuwa ukianguka dole linaachia na mashine inasimama yenyewe. Ni kweli, kama wenzo umerudi. Kamba hii ipo kwa ajili ya siku ambayo haukurudi, nawe umelala kwenye theluji ukiangalia mashine isiyo na mtu ikielekea walipo wenzako.

Swichi na kamba vyote hujaribiwa kabla ya kila safari. Washa, bonyeza swichi: injini ife. Washa tena, chomoa kamba: ife. Kimoja kikishindwa, safari imeahirishwa.

Wakati wa kuwasha, weka breki ya kuegesha na usishike wenzo huku unavuta kamba ya kuwashia. Hapa hakuna kanyagio la klachi. Klachi hujishika yenyewe injini ikifika mzunguko fulani, kwa mashine nyingi ni kama mizunguko 3,000 hadi 4,000 kwa dakika. Chini ya hapo injini inaunguruma tu. Ukivuka, belti inayopeleka nguvu ya injini inabanwa na mkanda wa mpira chini unaanza kuzunguka. Ndiyo maana mgeni hubonyeza kidogo asione kitu, akaongeza, akaongeza, halafu mashine ikamruka. Bonyeza taratibu mpaka usikie inashika, hapo tulia kwanza.

Usiwashe ndani ya chumba kilichofungwa, moshi wake unaua. Iache injini ipate joto dakika chache. Pistoni ya alumini hutanuka upesi, na ukipiga resi kali silinda ikiwa bado ya baridi, inaweza kushikana nayo. Boneti ikiwa wazi au kinga ya belti imetolewa, usiguse mafuta: belti ikikatika kwa kasi hurusha vipande. Na wale wanaonyanyua mashine nyuma na kupiga resi ili mkanda ujisafishe, naomba asisimame mtu nyuma wala mbele yake. Mkanda hurusha barafu na mawe, na mashine ikiteleza kutoka kwenye stendi itakwenda ilikoelekea. Ikizama kwenye theluji, zima ndipo uchimbe.

Dada pale nyuma ameuliza kuhusu kurudi nyuma. Swali zuri, maana baadhi ya mashine zenye injini ya mipigo miwili, inayotoa nguvu kila pistoni inapopanda na kushuka mara moja, hazitumii gia kwa kazi hiyo. Unasimama kabisa, injini ikiwa chini, unabonyeza kitufe. Kompyuta inaipunguza injini mpaka inakaribia kufa, kisha inawasha cheche kwa wakati mwingine na injini yenyewe inaanza kuzunguka kinyume. Utasikia kama imezimika. Usiongeze mafuta hapo. Subiri taa ya kurudi nyuma iwake, geuka uangalie kwa macho yako, ndipo uguse wenzo kidogo kabisa ujue inakwenda upande gani. Na mashine hizo zikizimika wakati ziko kinyume, ukiwasha upya zinaanza kwa kwenda mbele. Mtu ameshageuza shingo kuangalia nyuma, anabonyeza, na mashine inakwenda mbele asikokutazama.

Haya, ufunguo huu hapa. Dada uliyeuliza, njoo uanze. Funga kamba kwanza, kisha bonyeza wenzo mara tatu, sote tusikie.