Baba Anapolipa Binti Aolewe

IDRISA: Asalaam aleikum wasikilizaji wetu, karibuni tena barazani. Mimi Idrisa, na mama yetu Bi Salma yupo.

BI SALMA: Waaleikum salaam, mwanangu. Leo nimekuja na dukuduku. Nimesoma habari, imeandikwa kwa Kiswahili, kwamba bibi harusi wa India kauawa kwa sababu ya mahari. Nikaisoma mara mbili. Mahari analipa mwanamume. Kama haikutimia, mwenye deni ni yeye. Sasa mke anauawa kwa lipi?

IDRISA: Neno ndilo linalotupoteza, mama. Kwa Kihindi wanaita dahej. Kule Pune, mji wa India nilikosoma, kwa Kimarathi, ni hunda. Ni mali inayotoka kwao mke kwenda kwao mume. Anayelipa ni baba wa binti. Kuiita mahari ni kuugeuza mto upande mlima.

BI SALMA: Na Waislamu wa huko?

IDRISA: Mahari yao ipo, wanaiita mehr, inatajwa mbele ya kadhi kama kwetu. Ila mara nyingi inatajwa kidogo tu, na dahej kubwa inapita mlango wa nyuma. Wahindu, Wakristo, Masingasinga, wote imo. Wapo wachumi waliochambua ndoa 40,000 za vijijini, kuanzia 1960 hadi 2008. Katika kila ndoa 100, 95 zilikuwa na dahej.

BI SALMA: Subhanallah. Wala hakuna sheria?

IDRISA: Ipo tangu 1961. Inakataza kutoa na kupokea, na kifungo chake hakipungui miaka 5.

BI SALMA: Basi inakuwaje?

IDRISA: Nikusimulie nilichokiona mwenyewe. Nilipanga chumba kwa mzee mmoja mstaafu, alikuwa karani wa reli. Mtaa mzima ukimwita Kaka. Kwa Kimarathi kaka ni baba mdogo, na kweli alinilea kama mtoto wa ndugu yake. Alikuwa na mabinti wawili. Mkubwa alipopata mchumba, mshenga alikuja, wazazi wa mvulana wakaja, wakanywa chai. Na hawakudai chochote, mama. Walisema, "Sisi hatutaki kitu, mpe binti yako upendacho." Halafu mama wa mvulana akataja, kama anayepiga soga tu, kwamba mkwe wao mwingine alikuja na friji, na dhahabu tola kadhaa.

BI SALMA: Aa. Amedai bila kudai.

IDRISA: Tangu siku hiyo Kaka akawa na daftari lenye jalada jekundu la kitambaa, kama yale ya maduka ya zamani. Usiku nikirudi namkuta barazani na miwani yake, anaandika. Sari ngapi za mama mkwe, za mawifi, vyombo vya chuma cha pua, ukumbi, dhahabu. Kiinua mgongo chake chote kiliingia humo. Na kitu kikubwa kuliko vyote kilikuwa almari.

BI SALMA: Almari hii hii yetu?

IDRISA: Neno hilo hilo, mama, wao wanasema almari pia. Ya chuma, yenye kioo na kisanduku cha siri cha kuwekea dhahabu. Nilikuwa mmoja wa wanne tulioibeba hadi ghorofa ya tatu kwao bwana harusi. Bega langu liliuma wiki nzima. Siku ya kuondoka, binti aliufunga ufunguo kwenye pindo la sari yake, akaukaza kwa meno. Ile almari ilikuwa ya kwake, unaona? Ndiyo maana yake.

BI SALMA: Hapo ndipo ninapotaka nisimame. Sisi pia binti haendi mikono mitupu, anapewa sanduku lake, dhahabu ya mama yake, vyombo. Hicho ni chake hata akiachika. Wao hapo zamani haikuwa hivyo?

IDRISA: Ilikuwa, na neno lipo, stridhan, mali ya mwanamke. Na kuna sababu yake. Shamba na nyumba vilikuwa vya wana wa kiume. Binti anaondoka, basi apewe fungu lake siku ya harusi, kwa dhahabu na vyombo. Ila fungu la kaka yake ni ardhi, halihamishiki. La kwake linapakiwa kwenye lori linapelekwa nyumbani kwa watu wengine.

BI SALMA: Na ufunguo nao unapelekwa.

IDRISA: Ufunguo ulikaa kwake miezi michache. Diwali ya kwanza, sikukuu ya taa ya Wahindu, mkwe huja kwa wazazi wa mke, anapewa zawadi. Walipokuja, pindo la sari halikuwa na kitu. Mama mkwe ameuchukua, "akutunzie." Na mume anazungumzia pikipiki.

BI SALMA: Baada ya harusi bado wanadai?

IDRISA: Hapo ndipo sheria ya mwanzo ilipokuwa na tundu. Ilitazama kile kilichohusu kufunga ndoa, na kinachodaiwa baadaye kikapata pa kupenyea. Ndipo alipotokea mama mmoja wa Delhi, Satya Rani Chadha. Mwaka 1979 binti yake aliungua moto nyumbani kwa mumewe, akafa, naye ni mja mzito. Walikuwa wakidai skuta.

BI SALMA: Skuta. Pikipiki ya magurudumu madogo.

IDRISA: Mama yule alizunguka mahakamani miaka zaidi ya 20. Akaandamana na kina mama wengine waliofiwa na mabinti, na mwaka 1987 wakafungua nyumba ya hifadhi Delhi, Shakti Shalini.

BI SALMA: Mimi nimekuwa muuguzi, Idrisa. Wodi ya walioungua naijua. Jiko la mafuta ya taa hulipuka kweli. Lakini halina macho ya kumchagua bibi harusi kila mara likamwacha mama mkwe na mawifi wanaopika jiko hilo hilo.

IDRISA: Hicho ndicho kina mama wa Delhi walichopigia kelele. Na walisikika. Mwaka 1983 ukatili wa mume na ndugu zake ukawa jinai. 1986 tundu likazibwa, kinachodaiwa wakati wowote baada ya ndoa nacho kikahesabiwa. Na likaongezwa kosa jipya, kifo cha dahej. Mke akifa kifo kisicho cha kawaida ndani ya miaka 7 ya ndoa, na ikaonekana alikuwa akisumbuliwa kwa ajili ya mali, mahakama inachukulia kwamba mume au ndugu zake ndio waliosababisha. Kazi ya kujitoa ni yao. Hata hivyo, takwimu za serikali zenyewe zimekuwa zikionyesha vifo zaidi ya 6,000 kwa mwaka. Kwa siku ni zaidi ya 16.

BI SALMA: Mtu atasema ni ujinga, wasomeshwe.

IDRISA: Kerala ni miongoni mwa majimbo yanayoongoza India kwa watu wanaojua kusoma na kuandika. Mwaka 2021, Kollam, alikufa msichana aliyekuwa anasomea udaktari wa Ayurveda, tiba ya asili ya Kihindi. Mumewe mtumishi wa serikali. Wazazi walitoa dhahabu pavan 100, pavan moja ni gramu 8, wakatoa shamba, na gari. Gari hakulipenda. Mwaka uliofuata mahakama ilimhukumu miaka 10.

BI SALMA: Gari hakulipenda...

IDRISA: Elimu ya mwana inaongeza bei yake, mama. Daktari, mhandisi, mtumishi wa serikali, wazazi wake wanaona wamewekeza, na anayelipa ni baba wa msichana. Hata akiwa msichana mwenyewe ni daktari.

BI SALMA: Sisi nasi tusijione. Bara kuna wazee wanaodai ng'ombe na mamilioni mpaka kijana anaoa kwa mkopo, na deni anakuja kulilipa mke kwa matusi. Lakini niambie, dawa yake unaiona wapi?

IDRISA: Mimi naiona kwenye ardhi. Tangu 2005 binti wa Kihindu ana haki sawa na kaka yake katika mali ya ukoo, na mwaka 2020 Mahakama ya Juu ya India ikasema hata kama baba alikufa kabla ya 2005. Karatasi ni nzuri. Ila Rajasthan kuna desturi inaitwa haq tyag, kuiachia haki. Dada anaitwa kusaini kwamba fungu lake amewaachia kaka zake. Akikataa, hana pa kurudi siku mume akimfukuza.

BI SALMA: Anasaini ili mlango wa kwao usifungwe.

IDRISA: Ndiyo hivyo. Anauza shamba kwa mlango.

BI SALMA: Na yule binti wa Kaka?

IDRISA: Alirudi kwao mwaka wa pili, hai, alhamdulillahi. Almari ilibaki kule, na dhahabu ndani yake. Sasa sikiliza. Kuna kanuni ya 1985 inayosema zawadi za harusi ziandikwe orodha, kila kitu na thamani yake, nani katoa, na bibi na bwana harusi watie sahihi. Siku ile ya harusi nani angethubutu kumpelekea bwana harusi karatasi asaini?

BI SALMA: Ungeonekana umekuja kuvunja ndoa.

IDRISA: Basi wakili alipouliza, "Orodha iko wapi?" Kaka akaingia ndani, akatoka na lile daftari jekundu. Kila sari imo, kila kijiko, kwa mwandiko wake. Sahihi ya mkwe haimo. Wakili akalifungua ukurasa kwa ukurasa, akauliza kama kuna yeyote aliyeviona vitu hivi vikiingia nyumba ile. Kaka akanitazama mimi. Nikasema almari niliibeba.