Mafuta Haya Kwao Wapi?

RUKIA: Athman, yale madonge ya lami tunayokanyaga ufuoni Nyali, hapa Mombasa, kila mtu huyasingizia meli.

ATHMAN: Kwani si meli? Zapita hapo usiku na mchana.

RUKIA: Pengine. Lakini Pemba, kule Tundaua, mafuta huvuja yenyewe kutoka ardhini. Donge halina karatasi ya forodha, bwana. Lina molekuli.

ATHMAN: Haya, tufungulie.

RUKIA: Mwani, bakteria na majani huzikwa kwenye tope, tope likawa mwamba, joto la chini likaupika. Mafuta yakishaiva huhama, yakajificha kwenye mwamba mwengine. Ukichimba wayakuta ugenini. Miaka ya 1930 mkemia Mjerumani, Alfred Treibs, alikuta ndani ya mafuta masalia ya klorofili, ile rangi ya kijani ya majani. Tangu hapo kazi ikawa kusaka masalia kama hayo.

ATHMAN: Ni kama pilau basi. Mpishi humjui, lakini bizari waijua.

RUKIA: Ndiyo hivyo. Masalia yaitwayo hopani hutokana na bakteria, yale ya sterani kwa kiasi kikubwa na mwani. Ukikuta oleanani, jua palikuwa na mimea ya maua, basi mwamba si wa kale sana. Na kuna masalia mengine mawili, pristani na fitani: uwiano wake hudokeza kama tope lile lilipata oksijeni au lilikosa.

ATHMAN: Na mafuta ya Turkana? Yale yaliyopakiwa meli hapa kwetu Agosti 2019?

RUKIA: Ah, hayo yanipendeza! Yana nta nyingi, yakipoa yaganda, ndiyo sababu bomba lolote la kuyasafirisha lazima lipashwe moto. Salfa kidogo. Hiyo ni tabia ya mafuta ya ziwa. Bonde la Lokichar, kule Turkana yatokako, lilikuwa na ziwa mamilioni ya miaka iliyopita, na kisima cha Loperot, 1992, kilipita kwenye matope yake yaliyogeuka mwamba. Hii ni miaka 20 kabla ya Ngamia-1, kisima kilichogundua mafuta ya Turkana. Linganisha na mafuta mengi ya Saudia, watoto wa bahari ya chokaa: salfa tele.

ATHMAN: Kwa hivyo tukipima nta ya donge la Nyali tumemaliza?

RUKIA: Wapi! Jua na mawimbi hulichakaza donge, nao bakteria hula nta kabla ya hopani. Hopani ndizo sugu, hubaki hata donge likichakaa. Maabara hupima uwiano wake, kisha hulinganisha na sampuli ya tangi la meli inayoshukiwa, na ile ya Tundaua. Bila sampuli ya kulinganisha, una grafu nzuri tu ya kutundika ukutani.

ATHMAN: Na anayeliokota donge afanyeje?

RUKIA: Alitie kwenye chupa ya gilasi. Tafadhali si mfuko wa plastiki, plastiki nayo hutokana na mafuta kama haya, itachafua kipimo.