Mwanga Mkali ni wa Akiba: Tochi ya Kuchaji Katika Ulinzi wa Usiku Shambani

(Mhadhara kwa walinzi wa mashamba katika vijiji vinavyopakana na hifadhi)

Habari za mchana, ndugu zangu. Wa nyuma kule mnanisikia? Vizuri.

Nianze na lalamiko ambalo kila mwuza tochi amelisikia: "Boksi limeandikwa inawaka saa 12, mbona mimi nimewasha saa moja jioni na saa tatu haijafika imeshakufa?" Mara nyingi tochi haina kosa. Imewashwa kwa nguvu zote tangu jua lilipozama.

Tupige hesabu pamoja. Hii niliyoshika ina betri moja ya lithiamu aina ya 18650. Namba hiyo ni kipimo tu: upana milimita 18, urefu milimita 65. Dada yake mnene ni 21700, yaani milimita 21 kwa 70. Volti yake ya kawaida ni 3.6 au 3.7, ikijaa kabisa inafika 4.2. Tuseme ina mAh 3,000, ambazo ni ampea 3 kwa saa moja. Zidisha kwa volti 3.6, unapata nishati ya kuendesha wati 10.8 kwa saa moja. Taa nzuri ya LED hutoa lumeni, yaani kipimo cha wingi wa mwanga, kama 100 kwa kila wati. Basi lumeni 1,000 zinakula wati 10, na betri inakwisha kwa saa moja na dakika chache. Lumeni 100 zinakula wati moja, na hapo unakwenda karibu saa 10, tangu magharibi mpaka alfajiri inakaribia. Betri ni ileile.

Boksi nalo halikusema uongo moja kwa moja. Katika kipimo kinachotumiwa na watengenezaji wengi, lumeni hupimwa kati ya sekunde 30 na dakika mbili baada ya kuwasha, na muda wa kuwaka huhesabiwa mpaka mwanga ushuke kufikia asilimia 10 ya ule wa mwanzo. Tena zile saa 12 mara nyingi ni za mwanga mdogo, na lumeni 1,000 ni za dakika za mwanzo. Aliyechapa boksi ameviweka jirani kana kwamba vinatokea pamoja. Mwili wa tochi ukishika joto, tochi iliyotengenezwa vizuri hujipunguza yenyewe isiunguze LED. Usiipeleke kwa fundi kwa sababu hiyo.

Umbali nao una hesabu yake, na unategemea kandela, yaani ukali wa mwale pale katikati, kuliko lumeni. Chukua kipeuo cha pili cha kandela, yaani ile namba ambayo ukiizidisha kwa yenyewe unapata kandela, zidisha kwa mbili, unapata mita. Kandela 10,000 ni mita 200. Ukitaka mita 400, kandela 40,000: ukali mara nne kwa umbali mara mbili tu. Na mwisho wa umbali huo mwanga uliobaki ni kama wa mbalamwezi, robo ya luksi, kipimo cha mwanga unaofika kwenye kitu. Utaona kuna kitu, hutajua ni nini. Kwa kazi ya kutofautisha ng'ombe aliyepotea na nyati, mimi huhesabu nusu. Tochi ya mita 200 ni tochi ya mita 100.

Ndiyo maana nasema mlinzi anahitaji taa mbili. Moja ya kichwani au mkononi, lumeni 50 mpaka 100, ya kutembelea. Nyingine yenye kikombe kirefu cha kuakisi, mwale mwembamba, inayokaa begani imezimwa. Ile ya pili ni ya akiba.

Sababu ya kwanza mmeisikia, ni betri. Ya pili ni macho. Jicho la mtu huchukua dakika 20 hadi 30 kulizoea giza sawasawa, na huko kuzoea hupotea kwa sekunde chache za mwanga mkali. Mlinzi anayemulika kila dakika tano anaona duara dogo aliloliangazia. Nje ya duara ni kipofu, na mnyama yuko nje ya duara. Tumia mwanga mdogo kabisa unaotosha kazi. Kama ni lazima umulike kwa nguvu, fumba jicho moja. Ukizima, lile lililofumbwa bado linaona. Taa nyekundu yenye mwanga hafifu inasaidia pia, lakini usimtafute nyoka nayo, maana rangi zote zinapotea.

Hapo kwa nyoka tukae kidogo. Kifutu halikimbii. Linalala njiani, limetulia, rangi ya majani makavu, na wengi huumwa kwa kulikanyaga. Taa ya kichwani ina kasoro: mwanga unatoka karibu na macho yako, kwa hiyo vivuli vinajificha nyuma ya vitu na njia inaonekana bapa. Ishike tochi usawa wa kiuno au chini zaidi, mwanga ulale kwenye ardhi. Papo hapo kila jiwe, shimo na mgongo wa nyoka unatupa kivuli. Fanya hivyohivyo kwenye ukungu, vumbi au moshi: taa ya kichwani inakurudishia ukuta mweupe usoni, ya kiunoni inapita chini yake.

Kutafuta macho ya wanyama ni kinyume. Pandisha tochi shavuni, karibu na jicho lako, kwa sababu mng'ao unarudi palepale ulikotoka. Ng'ombe, mbwa, fisi, swala na mamba macho yao yanang'aa. Binadamu hang'ai, nyoka hang'ai. Kwa hiyo usiseme "sioni macho, hakuna kitu". Na ukiona vinukta vidogo vya kijanibluu chini kwenye nyasi, vingi sana, hao ni buibui. Wameshawakimbiza watu.

Sasa tembo. Katika vijiji vingi vya pembezoni mwa hifadhi utaratibu unaofundishwa ni wa ngazi: kwanza tochi kali, kisha honi, kisha pilipili, mwisho fataki. Tochi iko mwanzoni kwa sababu inafanya kazi kwa mbali, na mbali ndiko unakotaka kuwa. Mnakwenda kundi, hakuna wa peke yake. Mnakubaliana mapema mtarudi wapi. Mnamulika kichwani kwa mwale ulioshikwa imara, au ule wa kukatakata kama tochi yako inao, mkimwachia upande alikotoka uwe wazi na giza. Msimzunguke. Msisimame kati ya jike na ndama, na kwa kiboko msisimame kati yake na maji. Akigeuka kuja, kazi ya tochi imekwisha, mnaondoka.

Na hii ndiyo sababu ya tatu ya kuweka akiba: tembo huzoea. Shamba linalomulikwa usiku kucha, kila usiku, tembo hujifunza kwamba mwanga hauumi. Ule unaotokea ghafla, mahali asipoutegemea, ndio una kazi. Wanaofunga taa moja juu ya dungu na kuiacha inawaka wanamfundisha mnyama, na wanamaliza betri wakimfundisha.

Neno moja kwa bodaboda na magari: tochi ya namna hii ikimpiga dereva usoni haoni barabara kwa sekunde kadhaa. Mulika ardhini, mbele ya miguu yako.

Kuchaji. Betri ya mAh 3,000 kwa chaja ya ampea moja inajaa kwa saa tatu na nusu hadi nne. Paneli ya sola ya wati 6 inatoa ampea moja au pungufu kwenye jua kali, basi anza saa nne asubuhi, si alasiri. Kosa la kawaida ni kuiweka tochi juani kando ya paneli. Betri ya lithiamu haifai kuchajiwa ikiwa na joto kuzidi nyuzi 45. Nunua waya mrefu, paneli ikae juani, tochi ikae kivulini. Na kuna hili linalowapeleka wengi kwa fundi bure: tochi nyingi za bei ya chini zenye tundu la Type-C hazichaji kwa waya wenye Type-C pande zote mbili. Jaribu waya wenye kichwa kipana cha zamani upande wa chaja. Itachaji.

Nimeona mikono kadhaa imeshika zile tochi nene za plastiki zenye plagi ya kukunja ubavuni. Zile ndani mara nyingi ni betri ya risasi na asidi ya volti 4, tabia yake ni tofauti kabisa. Haipendi kukaa tupu. Ukiiacha mwezi mzima bila chaji, salfeti inaganda kwenye mabamba na haifufuki. Ichaji kila baada ya kuitumia. Nyingi hazijikati zikijaa, kwa hiyo saa 8 hadi 12 kisha ichomoe. Usiiwashe ikiwa kwenye soketi, LED zinaweza kuungua. Na usiifungue ikiwa imechomekwa, maana nyingi ndani yake hazina transfoma: umeme wa ukutani uko palepale kwenye nyaya.

Betri feki. Ukiona 18650 imeandikwa mAh 9,900, irudishe kwenye rafu. Nyingi zilizo bora za ukubwa huo zinazunguka 3,500. Lebo huandikwa chochote, ila uzito haudanganyi sana: ya kweli ina gramu kama 45 hadi 50. Ikiwa na gramu 30, ndani kuna betri ndogo na kitu cha kujazia nafasi. Mizani ya duka la viungo inatosha.

Betri ya akiba usiitie mfukoni pamoja na funguo au sarafu. Chuma kikigusa ncha mbili, inapata moto mkali kabla hujaitoa. Iweke kwenye kikasha cha plastiki. Iliyovimba, iliyochanika ngozi, au iliyoshuka chini ya volti 2.5 usiichaji tena. Tochi inayotumia betri mbili kwa mpangilio wa foleni inataka betri pacha: umri mmoja, aina moja, chaji sawa. Ukichanganya mpya na kuukuu, ile dhaifu inakamuliwa mpaka inaharibika, na ndiyo inayoweza kulipuka.

Tochi inayokonyezakonyeza kawaida haijafa. Fungua mfuniko wa nyuma, hivi. Mnaona huu ukingo wa alumini unaong'aa? Umeme unapita hapa. Ukishika uchafu na oksidi, mwanga unayumba. Futa ukingo, nyuzi (ile mistari ya kufungia mfuniko) na springi kwa kitambaa chenye spiriti. Kisha angalia kijipete cha ndani kinachoshikilia swichi, kina vitundu viwili. Ingiza ncha za mkasi, kikaze. Nyingi hupona hapo. Mpira huu mweusi wa duara unazuia maji: upake mafuta ya silikoni kidogo, si Vaseline, kwa kuwa aina fulani za mpira huvimba kwa mafuta ya petroli. Kama tochi imeandikwa IPX4, inavumilia mvua, haivumilii kuzamishwa. IPX7 ni mita moja ya maji kwa nusu saa.

Na kama nyuzi hizo za tochi yenu zina utando wa rangi usiopitisha umeme, kulegeza mfuniko robo mzunguko kunakata umeme kabisa, hivyo haitajiwasha ndani ya mkoba na kuwaacha na betri tupu.

Mizani na mita ya kupimia volti ziko mezani. Leteni betri zenu mbele, tuanze na zile zilizoandikwa namba kubwa.